Picha Zetu Ziko Wapi?

Nyumbani kwetu Mtendeli, nyuma ya kabati la vyombo, kuna bahasha kubwa ya kaki. Ndani yake kuna filamu ya eksirei ya kifua cha mama yangu, ya mwaka 2019. Imekunjika pembe moja na kwa juu ina tundu la msumari, maana kuna kipindi mdogo wangu aliitundika dirishani akidhani ni pambo. Mama alipoiona alicheka kwanza, halafu akaishusha, akaifuta vumbi kwa kanga na kuirudisha kwenye bahasha. Ukimuuliza kwa nini bado anaitunza, anakujibu: "Niliihangaikia, leo niitupe?"

Mahangaiko yenyewe nayakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa likizo, na mimi ndiye niliyekuwa namsindikiza. Mama alikuwa amekohoa zaidi ya miezi miwili. Zahanati wakampa dawa ya kikohozi, akarudi wakampa antibiotiki, akarudi tena wakamwandikia eksirei. Tukapanda gari alfajiri. Kupigwa picha hakukuchukua hata dakika tano. Kilichochukua muda ni kumpata mtu wa kuisoma. Tukaambiwa turudi wiki ijayo. Tuliporudi tukaambiwa twende nayo hospitali kubwa zaidi. Mama akawa anasafiri na bahasha kwapani kama mtu anayefuatilia hati ya kiwanja. Zilipita wiki tano tangu picha ipigwe mpaka daktari mmoja alipoinyanyua kwenye mwanga na kusema, "Mama, hapa tupime makohozi leo leo." Makohozi yakathibitisha: kifua kikuu. Akaanza dozi, akamaliza miezi yake sita, na sasa hivi analima maharage yake kama kawaida. Lakini katika zile wiki tano alikuwa analala chumba kimoja na wadogo zangu wawili. Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi ambayo nyumbani hatupendi kuizungumza.

Sitaitaja hospitali yoyote. Sioni kama kuna mtu alifanya uzembe. Waliokuwepo walifanya walichoweza. Jibu lilikuwa tayari limeshaonekana kwenye picha, ila wa kulisoma hakuwepo.

Hadithi hii imenirudia kichwani kwa sababu ya ujumbe uliodondoka kwenye kundi letu la WhatsApp la darasa: "Wanangu, MICCAI inakuja Afrika!" Ukafuatiwa na makofi, bendera na vidoti vya moto kama vile Taifa Stars wamefuzu Kombe la Dunia.

Mkutano wenyewe

Kwa wenzetu mnaosoma sheria, ualimu na uhasibu, MICCAI ni mkutano wa kisayansi wa kila mwaka wa watu wanaotafiti namna kompyuta inavyoweza kuchambua picha za kitabibu, yaani eksirei, CT scan, MRI na ultrasaundi, na kumsaidia daktari hata wakati wa upasuaji. Ulianza mwaka 1998 huko Cambridge, Massachusetts, Marekani. Mwaka 2023 ulikuwa Vancouver, Kanada. Wa mwaka 2025 ulipangiwa Daejeon, Korea Kusini. Wa mwaka 2024 ulikuwa wa 27, na ulifanyika Marrakesh, Moroko, kuanzia tarehe 6 hadi 10 Oktoba. Ilikuwa mara ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika.

Ni jambo la kufurahia, na mimi nimefurahi. Mikutano ya namna hii imekuwa ikifanyika mahali ambapo kijana wa Kiafrika anaweza kukubaliwa makala yake na akakataliwa viza yake. Mwaka 2018 watafiti wengi kutoka bara hili walinyimwa viza za Kanada na wakaukosa mkutano mkubwa wa akili mnemba uliofanyika Montreal. Kelele zikapigwa, na mkutano mwingine mkubwa wa fani hiyo, ICLR, ukapangiwa Addis Ababa mwaka 2020. UVIKO-19 ikaingia, ukaishia mtandaoni. MICCAI yenyewe mwaka huo huo ilikuwa ifanyike Lima, Peru, nayo ikaishia mtandaoni. Addis hawakupata zamu yao tena, ila Mei 2023 ICLR ilifanyika Kigali. Mimi ni mtu wa Kakonko. Kutoka kwetu ukipita Nyakanazi na Rusumo unafika Kigali muda mrefu kabla ya mwenzako anayekuja Dar hajafika Singida. Sayansi ya dunia ilikuja mpaka mlangoni kwa jirani, na sisi wengi tuliisikia ilipokwisha.

Kwa hiyo Marrakesh oyee. Lakini naomba tusishie kwenye oyee. Mkutano kuhamia bara letu ni suala la ukumbi. Swali langu kwa wanachuo wenzangu ni hili: watu wanapokaa siku tano wakijadili picha za miili ya binadamu, miili yetu imo kwenye picha hizo?

Mashine inasomea wapi

Hizi programu zinazosoma picha zinajifunza kama sisi tunavyojifunza kwa mitihani iliyopita. Unaipa kompyuta maelfu ya picha, kila moja na jibu lake: huyu ana maji kwenye mapafu, huyu moyo umepanuka, huyu hana kitu. Inapitia, inakosea, inasahihishwa, mwisho inaweza kujibu swali ambalo haijawahi kuliona. Picha bila jibu haiisaidii sana. Na asiyekuwemo kwenye mitihani iliyopita, ndiye mashine itakayemkosea.

Sasa angalia mitihani iliyopita imetoka wapi. Hazina moja maarufu ya eksirei za kifua, iliyotolewa mwaka 2017, ina picha 112,120 za wagonjwa 30,805, wote wa hospitali moja ya serikali ya Marekani huko Bethesda, Maryland. Nyingine ya Stanford, California, ya mwaka 2019, ina picha 224,316 za wagonjwa 65,240. Ya tatu, ya hospitali moja ya Boston, ina picha 377,110. Wanafunzi wengi hapa chuoni wanaogusa akili mnemba ya picha za kitabibu wanaanzia kwenye mojawapo ya hazina hizo, kwa sababu ni za bure na ni nzuri. Hata mimi nilianzia hapo.

Nilipoifungua ile ya Bethesda nikakuta kila picha imepewa jibu kati ya majina 14 ya magonjwa na dalili. Nimonia ipo. Maji kwenye mapafu yapo. Hata henia ipo. Nikashuka na orodha mpaka chini, nikapanda tena juu. Kifua kikuu hakimo.

Siwalaumu. Wao walikusanya magonjwa ya wagonjwa wao, na ndivyo inavyopaswa. Lakini fikiria programu iliyosomea hapo tu ukaileta Kakonko na kuiwekea picha ya mama yangu. Ingeweza kusema kuna kivuli, kuna kitu kimejaa mahali fulani. Neno lenyewe ambalo lingewatoa wadogo zangu kwenye kile chumba isingeweza kulitamka, kwa sababu haijawahi kulisikia.

Kuna jambo lingine ambalo sisi wanachuo tutalielewa haraka kuliko maprofesa. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa programu za kugundua nimonia zilizofundishwa kwa picha za hospitali tofauti. Zilifaulu vizuri kwenye picha za hospitali zilizozifundisha, lakini kwenye picha za kwingine mara nyingi ufaulu ulishuka. Walipochunguza wakakuta programu ziliweza kutambua picha imetoka hospitali gani karibu bila kukosea. Na kwa kuwa hospitali moja ilikuwa na wagonjwa wengi wa nimonia kuliko nyingine, kujua hospitali kulitosha kubahatisha jibu. Kwa lugha yetu ya hosteli, mashine ilidesa. Ilikariri karatasi badala ya kuelewa somo. Na sote tunajua anayedesa anaumbuka siku gani: siku mtihani unapotungwa na mwalimu mwingine.

Sisi ndio huo mtihani wa mwalimu mwingine. Mashine zetu ni za aina tofauti, wapigaji picha wetu wamefundishwa tofauti, wagonjwa wetu wanafika hospitali wakiwa wamechelewa, na magonjwa yetu hayafanani na ya Bethesda. Programu isiyowahi kuona picha zetu haiwezi kujua kwamba haijui.

"Sisi hatuna mashine"

Nikisema haya kwenye kibaraza cha kantini, jibu la kwanza huwa ni kwamba sisi bado tuko nyuma, hatuna mashine, tusubiri. Mwaka 2005 ningekubali. Sasa hivi hapana. Mwaka 2021 serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 za kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ilinunua CT scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Eksirei za kidijitali zimesambaa hata ngazi ya wilaya. Kila siku ya Mungu kuna Mtanzania anavua shati, anaambiwa avute pumzi aibane, na picha inazaliwa.

Tatizo ni picha inaenda wapi ikishazaliwa. Mwaka jana nilifanya fildi kwenye kitengo cha TEHAMA cha hospitali moja. Siku moja tukaitwa chumba cha eksirei, mashine inalalamika haina nafasi. Diski imejaa. Nikamwona mwenyeji wangu anafungua orodha ya picha, anachagua za miezi ya nyuma zote kwa mpigo, anafuta. Nikamuuliza kama kuna nakala mahali. Akaniangalia kwa huruma, "Dogo, nakala niweke wapi? Nikiacha hizi, mgonjwa wa saa nane ananipigia picha kwenye nini?" Alikuwa na haki. Mgonjwa wa saa nane alikuwa kwenye benchi pale nje, namwona.

Nilipiga hesabu usiku ule. Kama tu kila picha iliyofutwa ingekuwa imetolewa jina, ikaunganishwa na jibu lake la mwisho, yaani makohozi yalisema nini, upasuaji ulikuta nini, basi mchana mmoja tulifuta kitu ambacho mtafiti wa Marrakesh angekitafuta kwa tochi. Diski ya nje ya kuzihifadhi haifiki bei ya simu ambazo wengi wetu tumenunua bumu lilipoingia.

Kwa wanaodhani naongea ndoto, angalieni waliojaribu. Katika mashindano ya kila mwaka ya kuifundisha kompyuta kuchora mipaka ya uvimbe wa ubongo kwenye picha za MRI, ambayo yalianza kwenye MICCAI ya mwaka 2012, kwa miaka mingi hapakuwa na kundi la picha za Waafrika. Mwaka 2023 picha kutoka Nijeria ziliingizwa kama kundi lake rasmi. Zilikuwa za wagonjwa 60 tu wa kufundishia, wakati kundi kuu lilikuwa na 1,251. Sitini ni wachache, lakini si sifuri, na tangu siku hiyo mtu akidai programu yake inafanya kazi kila mahali anaweza kuambiwa aipime hapo kwanza.

Na hapa kwetu si kwamba hakuna kilichowahi kufanyika. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliotumia eksirei za wagonjwa wa Bagamoyo kupima kama kompyuta inaweza kutambua kifua kikuu. Utafiti wa aina hiyo, ukijumlishwa na mwingine wa nchi nyingine, ndio uliojenga njia mpaka Machi 2021 Shirika la Afya Duniani likakubali rasmi kwamba programu za kompyuta zinaweza kutumika badala ya msomaji binadamu katika kuchunguza eksirei za kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Soma tena: badala ya msomaji. Picha za watu wa Bagamoyo zilichangia jibu ambalo mama yangu alilisubiri wiki tano.

Hata mashine zenyewe si lazima tuzisubiri zishuke bandarini zikiwa zimefungwa. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Mbarara, Uganda, walipokea vipande vya MRI ndogo kwa ndege kutoka Uholanzi, na watu kumi, wanne wakiwa wakufunzi na sita wasio na uzoefu wowote wa kazi hiyo, wakaiunganisha na kupata picha ya kwanza kwa takribani siku 11. Na tukirudi nyuma zaidi, hesabu zilizo ndani ya kila CT scan zilianza kumsumbua Allan Cormack mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Zilimpa Nobeli mwaka 1979. Wazo la CT scan lina mguu mmoja Afrika, halafu sisi tunajiita wageni.

Tumeshapigwa picha sana

Kuna jibu la pili, na hili nalichukulia kwa uzito zaidi. Rafiki yangu mmoja anayesoma sosholojia aliniambia: "Unataka kuwakusanyia wazungu data za masikini, kisha watuuzie programu." Hakukosea.

Mimi nimekulia Mtendeli. Wengi mnaijua kwa sababu ya kambi. Warundi walipokimbia machafuko ya 2015, Nyarugusu ikafurika, ikafunguliwa tena Nduta, na Januari 2016 ikafunguliwa tena Mtendeli. Ikafungwa Desemba 2021 na waliobaki wakahamishiwa Nduta. Katika miaka hiyo niliona kamera nyingi kuliko mtoto wa Masaki. Magari yalikuwa yanasimama, mtu anashuka, anapiga picha watoto wamekaa kwenye vumbi, wa kambini na wa kijijini bila kutofautisha, anasema asante, anapanda gari. Nina hakika kuna picha yangu mahali fulani, kwenye ripoti ya mtu, nimeshika dumu la maji. Sijawahi kuiona. Sijui waliandika nini chini yake.

Kwa hiyo mtu akiniambia data ni unyonyaji, simbishii. Wenzetu wa kambini walitoa alama za vidole, wakahesabiwa, wakapigwa picha, na katika maamuzi mengi juu ya maisha yao hawakuwemo chumbani. Kuchukuliwa taarifa zako na kuwa na sauti ni vitu viwili tofauti kabisa.

Lakini dawa ya hilo si kufuta diski. Ukifuta, mnyonyaji hapati, na mgonjwa naye hapati. Dawa ni kwamba anayekusanya, anayeamua na anayesoma awe pia mtu wa hapa, chini ya sheria ya hapa. Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Utafiti unaogusa wagonjwa unahitaji kibali cha maadili, na NIMR ipo kwa kazi hiyo. Tatizo ni kwamba vitu hivi tunavikuta kwenye slaidi za pindi la mwaka wa tatu, tunavikariri kwa ajili ya mtihani, basi.

Nilimpigia mama nikamuuliza. Nilimweleza kwa Kiha kwa sababu kwa Kiswahili ilikuwa inasikika kama fomu ya mkopo. Nikamwambia kuna watu wanafundisha kompyuta kusoma picha za kifua, wanahitaji picha kama yake, jina linatolewa, hakuna atakayejua ni yeye. Angekubali? Alinyamaza kidogo. Akauliza, "Hiyo kompyuta ikishajua, italetwa huku?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi kajue kwanza, ndipo urudi."

Hilo ndilo sharti. Nimesoma kurasa nyingi za maadili ya utafiti na sijaona lililo bora kuliko hilo.

Tufanye nini sisi wa bweni

Sina mamlaka juu ya wizara, kwa hiyo naongea na ninyi mnaosoma gazeti hili mkisubiri foleni ya wali maharage.

Kwanza, projekti za mwaka wa mwisho. Tuseme ukweli tu. Kila mwaka tunatengeneza mfumo wa kusimamia maktaba, mfumo wa kugawa vyumba vya hosteli, mfumo wa kuagiza chakula. Zinapata alama, zinafungwa jalada jeusi, zinakwenda kulala. Hebu mwaka huu watu watano wa kompyuta watengeneze kitu kimoja tu: programu ndogo inayochukua eksirei kwenye mashine ya hospitali ya wilaya, inafuta jina na namba ya mgonjwa, hata lile jina lililochapwa kwenye kona ya picha yenyewe, na kuihifadhi pamoja na jibu la maabara. Haihitaji akili mnemba hata kidogo. Inahitaji uvumilivu, na mtu wa kuongea na yule bwana wa diski iliyojaa.

Pili, tukae meza moja. Wanaosoma mionzi na wanaosoma kompyuta katika nchi hii wanakutana kwenye bonanza la michezo na kwenye harusi. Mtu wa kompyuta akijifungia peke yake na picha za kifua atatengeneza mashine inayodesa, kwa sababu hajui kwamba ile alama ya chuma pembeni imewekwa na mpigaji picha na haimo mwilini. Mpigaji picha anajua. Chama chetu kina bajeti ya makongamano. Kimoja kati ya hivyo vikao vya kusikiliza mgeni rasmi kingetosha kuwaleta hao watu wawili chumba kimoja kwa siku nzima.

Tatu, serikali yetu ya wanafunzi ipeleke hoja moja kwa uongozi wa chuo: makubaliano ya kudumu na hospitali moja au mbili, yenye kibali cha maadili ambacho wanafunzi wanafanyia kazi chini ya usimamizi. Sasa hivi kila mwanafunzi anaanza sifuri, na kibali kikitoka muhula umekwisha, anarudi Bethesda kupakua za bure. Na fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili ambacho mgonjwa anakielewa, na iseme wazi kinachorudi kwake.

Sijaweka kwenye orodha hii tiketi ya ndege kwenda kwenye mkutano. Kama fedha ya safari ipo, ataipata kiongozi mmoja, ataleta picha akiwa kwenye bango la mkutano, na tutaipongeza kwenye kundi. Ningependa siku moja aende mtu wetu mwenye makala iliyokubaliwa, aliyepimwa na wahakiki wasiojua jina lake wala chuo chake, na ndani ya makala hiyo kuna vifua vya watu wa Kigoma.

Tarehe 6 Oktoba 2024 mimi nilipanga kuwa Mtendeli, nikisaidia shambani kabla chuo hakijafunguliwa. Makala za mkutano huu huwekwa wazi mtandaoni pamoja na maoni ya wahakiki, kwa hiyo mwenye simu na bando la kawaida anaweza kusoma. Nimepanga kusoma moja kila usiku kwa siku tano, na kwenye kila moja natafuta kitu kimoja kwanza: picha zimetoka wapi. Anayetaka tusome pamoja anitafute kupitia ofisi ya gazeti hili. Na mwenye mzazi, bibi au mjomba aliyetunza bahasha ya kaki nyuma ya kabati, amwambie asiitupe.

Mimi bado nina swali la mama la kujibu.